Kiingereza Nilichopewa Majengo

Kiingereza cha shuleni nilikuwa nacho. Ningeweza kukuambia kwamba mkulima anakwenda sokoni, kwamba jana mkulima alikwenda sokoni, na kwamba kesho, Mungu akipenda, mkulima atakwenda tena. Nilichoshindwa ni kuomba chumvi. Katika miaka yangu yote ya shule ya kati, hakuna kitabu kilichonipa jina la mto wa kulalia, wala la kifuniko cha sufuria, wala neno la kumwambia mtu aliyeungua kidole. Yule mkulima wetu hakuwahi kuungua. Kazi yake ilikuwa kwenda sokoni tu.

Na mimi nilitaka kuwa nesi. Enzi zile za Mwingereza, hospitali ya mjini Moshi ilikuwa imeanza kuchukua wasichana wachache wa kufundishwa, na matroni, mama wa Kizungu aliyesimamia manesi wote, alitaka wasichana wanaoweza kuzungumza naye bila mkalimani. Tungeitwa mmoja mmoja baada ya mvua za masika, na yeye mwenyewe ndiye angetuhoji. Baba alinikubalia nijaribu. Alinikubalia kwa namna yake. Watu wa upande wa Himo walikuwa wamekwisha kuja nyumbani na mbege, pombe yetu ya ndizi, kuniposa kwa ajili ya kijana wao, na baba alikuwa amekunywa ile mbege akasema atawajibu baadaye.

"Ukichukuliwa na matroni, nitawaambia wasubiri," aliniambia. "Usipochukuliwa, nitawaambia waje."

Yule kijana wa Himo simsemi vibaya. Nilimwona mara moja, amekaa kimya kando ya wajomba zake, na alionekana mtu mwema. Ila sikumtaka. Nilitaka gauni jeupe na kofia, nilitaka kujua kilichomo ndani ya watu, na nilijua kwamba nikirudi kihambani, kwenye shamba letu la migomba, safari ile sitatoka tena.

Kwa hiyo nikateremka mjini kukaa na kaka yangu, aliyekuwa akifanya kazi stesheni ya reli. Alikuwa amepanga vyumba viwili Majengo, kwenye nyumba ya mama mmoja mjane aliyeshona nguo barazani. Baba wa mama huyo alikuja na kazi ya reli kutoka Tanga, mama yake alikuwa Mpare, naye alizaliwa papa hapa Moshi, akalelewa Kiislamu, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu mpaka nikawa naona aibu kufungua mdomo. Cha kwangu mimi Mchaga kilikuwa na mlima ndani yake. Siku ya kwanza nilipomwamkia shikamoo, aliitikia marahaba, akanisikiliza nikieleza nilikotoka, kisha akasema, "Sema polepole, binti. Maneno yako yanateremka mteremko bila breki."

Nilimpenda kuanzia hapo. Sikujua bado kwamba alikuwa anajua Kiingereza.

Nililijua hilo siku nilipokuwa uani nikijisomea kwa sauti habari za yule mkulima. Mama mwenye nyumba alikuwa anapepeta mchele. Aliniacha nisome mpaka mkulima akafika sokoni, kisha akauliza, kwa Kiingereza, kama nimenawa mikono. Niliduwaa. Akarudia, safari hii kwa ukali kidogo, na mimi nikainuka nikaenda kunawa, kwa sababu ilikuwa ni sauti ambayo mtu haibishii.

Alikuwa amefanya kazi ya uyaya nyumbani kwa Wazungu kwa miaka mingi kabla mumewe hajafariki. Alimlea mtoto mmoja tangu akiwa anatambaa mpaka alipopelekwa kwao Uingereza kusoma. Hakuna aliyekaa akamfundisha lugha. Mama wa mtoto alikuwa anamsahihisha mtoto wake, na yaya, aliyesimama nyuma akiwa na taulo mkononi, alikuwa anasahihishwa bure. Kusoma hakujua, sarufi hakuijua, na mambo ya jana na kesho aliyachanganya kila siku. Mimi sarufi nilikuwa nayo tele, ila haikuwa na kitu cha kuishika. Tukaungana. Mimi nilimnyooshea wakati uliopita, yeye akanipa nyumba nzima na vyombo vyake.

Utaratibu wake ulikuwa mmoja: kitu nikikitaka, nikiombe kwa Kiingereza, au nisipewe. Kaka yangu alikula mboga zisizo na chumvi kwa wiki ya kwanza karibu yote. Nilipojifunza chumvi, nikakwama kwenye kijiko. Nilipojifunza kijiko, nikataka kuazima kinu, na hapo nikaingia kwenye matope, maana Waingereza wana neno moja kwa anayetoa na neno jingine kwa anayepokea, na mimi kwangu kuazima ni kuazima, mradi kinu kinarudi. Nilimwambia kwa Kiingereza, kwa neno la anayetoa, kwamba nitamwazima kinu chake. "Basi niletee," akanijibu, akaendelea kushona. Nilisimama pale kama mtu aliyepotea njia kwao.

Mwili ndio ulionitoa jasho, na mwili ndio niliouhitaji. Kwetu mkono ni mkono, kuanzia begani hadi kuchani. Kwao mkono umegawanywa kama kihamba cha ndugu waliogombana: kipande cha chini kina jina lake, cha juu lake, na vidole vya miguu havitaki kuitwa jina moja na vya mikono. Mguu hivyo hivyo. Mama mwenye nyumba alinisimamisha uani, akawa ananigusa kwa rula yake ya kushonea, hapa, hapa, na hapa, na nikikosea ananigusa tena kwa nguvu kidogo. Halafu kulia. Kwetu kila kitu kinalia: mtoto analia, kengele inalia, jogoo na mbwa na gari-moshi, vyote vinalia na watu wanaelewana. Mwingereza amempa kila mmoja kilio chake. Nilikesha mchana kutwa, kama mtu anaweza kukesha mchana, nikitenganisha vilio.

Tulipofika kwenye ndizi nikapumua. Nilimuuliza wanaitaje mshare, ile tunayopikia mtori, akasema *banana*. Nikauliza kisukari, ya kula mbivu. *Banana*. Nikauliza ya kupikia mbege. Akacheka. "Ni hiyo hiyo moja, mwanangu. Maskini ya Mungu, hawana nyingine." Nilipotoka pale niliwaonea huruma Waingereza kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na naamini huruma ile ilinisaidia kupunguza kuwaogopa.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo mimi sikuliona na kaka yangu aliliona mara moja. Kiingereza cha mama mwenye nyumba kilikuwa kimekua pamoja na mtoto yule na kusimama pale mtoto alipoondoka. Kilikuwa Kiingereza cha kulea. Tumbo aliliita *tummy*, kama watoto wao wanavyoliita. Alijua kubembeleza, kukataza, kuamrisha usingizi, kusifu sahani iliyomalizwa. Namna ya watu wazima kuzungumza wao kwa wao hakuijua, kwa sababu watu wazima wa nyumba ile walikuwa wakizungumza wakiwa wamefunga mlango.

Jioni moja kaka alirudi kutoka stesheni akakuta baraza imejaa wanawake waliokuja kujaribu magauni yao ya Idi. Mama mwenye nyumba aliniuliza kama nimekula, nami nikamjibu kwa fahari kwamba *tummy* yangu imeshiba, ahsante. Kaka alicheka mpaka akashika nguzo.

"Mama," alisema, mbele ya baraza zima, "dada yangu anakwenda kuhojiwa na matroni, wewe unamfundisha kunyonya! Watamletea chupa ya maziwa."

Wanawake wakaangua kicheko. Hawakuwa na ubaya, ni kwamba maneno yenyewe yalichekesha, na kaka yangu alikuwa na mdomo unaofika mahali kabla ya akili yake. Mama mwenye nyumba alichomoa sindano kwenye kitambaa, akakikunja, akaingia ndani akafunga mlango.

Asubuhi aliitikia shikamoo yangu kama kawaida, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu. Nilipoomba kijiko kwa Kiingereza, alinipa kijiko na kunijibu kwa Kiswahili. "Mimi najua cha watoto tu. Kakako yupo, akufundishe cha watu wazima."

Kaka alijaribu. Namshukuru kwa kujaribu. Ila Kiingereza chake chote kilikuwa cha stesheni: rudi nyuma, leta tiketi, mzigo huu ni wa nani. Nilijiona wodini nikiwaambia wagonjwa wasimame mbali na reli. Kumwambia akaombe radhi ilikuwa kazi bure, alishasema kwamba alikuwa anatania na kwamba watu wa mjini wanajua utani. Masika nayo ilikuwa inakatika. Nilianza kuota mbege ya watu wa Himo.

Nikampelekea mama yangu salamu kwa wanawake wa kwetu waliokuja sokoni na ndizi. Nilisema tu kwamba kaka amemkosea mwenye nyumba na mimi nimekosa mwalimu. Sikumwomba kitu. Mama yangu hakuwahi kusoma, Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia kibiriti na mafuta ya taa, na kuteremka hadi mjini na kupanda tena kulimchukua siku nzima. Alikuja siku ya soko iliyofuata.

Alikuja na sale. Kwa asiye wa kwetu, sale ni mmea wenye majani marefu ya kijani tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba. Mtu wako akimkosea mwenziwe, unachuma jani lake, unalifunga fundo, unampelekea aliyekosewa, na hakuna anayelikataa. Hata ugomvi wa mpaka, hata wa damu, sale likifika watu hukaa chini. Mama alilibeba lile jani kutoka nyumbani akiwa amelifunika kwa kitambaa safi, akaliweka vizuri kwenye kizingiti cha mama mwenye nyumba, aliyekuwa ametoka kwenda bombani. Kisha akakaa mwisho wa baraza, amenyoosha mgongo, kusubiri amani.

Mimi nilikuwa uani nikiosha vyombo. Nilichosikia ni ndoo kuanguka, halafu sauti ya mama mwenye nyumba ikiwaita majirani.

Kwenye mtaa ule, kitu kilichofungwa fundo na kuachwa kwenye kizingiti cha mjane kina maana moja tu, na si amani. Nilipotokea mbele nilimkuta amesimama katikati ya maji yaliyomwagika, midomo ikisoma dua, na jirani mmoja akimshauri asiliruke kwa vyovyote. Mama yangu alikuwa bado amekaa palepale, anatabasamu kidogo. Baadaye aliniambia alidhani ndivyo watu wa Majengo wanavyolipokea.

Kisha mama mwenye nyumba akachukua fagio akalifagilia sale barabarani.

Tabasamu la mama yangu likatoweka. Sikuwa nimewahi kumwona mtu akilifagia sale, na naamini hata yeye hakuwahi. Alisimama. Mama mwenye nyumba akamwona kwa mara ya kwanza, mwanamke mgeni wa mlimani, na akaelewa ni nani aliyeweka kile kitu. Wakatazamana, mmoja akijua amelogwa, mwingine akijua ametukanwa, na katikati yao nikawa nimesimama mimi na sufuria yenye povu. Nilitamani ardhi ipasuke. Halafu nikaona kwamba hakuna mwingine pale anayezijua lugha zote mbili, nikaweka sufuria chini.

"Mama," nilimwambia mwenye nyumba, "huyu ni mama yangu mzazi. Hili jani kwetu ni la kuombea radhi. Limebebwa toka nyumbani kwa ajili yako."

Alilitazama lile jani barabarani. "Nani aliyekosa?"

"Kaka."

"Sasa mbona mama yake ndiye aliyetembea?"

Nikamgeukia mama nikamuuliza kwa Kichaga. Alijibu bila kunitazama, macho yake kwa mwenzake. Nikatafsiri kama alivyosema: "Mwambie kijana ni wangu. Ulimi wake nilimpa mimi."

Mama mwenye nyumba aliliweka fagio ukutani. Alishuka barazani, akaliokota lile jani kwenye vumbi kwa mkono wake, akalipangusa kwa pindo la kanga yake. Majirani walishangaa, mmoja akasema astaghafiru. Hakuwajali. "Mwambie nimelipokea," aliniagiza. "Na mwambie anisamehe kwa fagio. Kila nyumba na majani yake. Lakini huyo wa stesheni akirudi, na mdomo nao uje."

Mdomo ulikuja jioni ile, umenyooka kabisa, kwa sababu mama yangu alikuwa amemsubiri kaka njiani. Sikusikia alichoambiwa, niliona tu kwamba kofia ilikuwa mkononi tangu kona ya msikiti. Mama yangu alilala kwetu usiku ule, na wale mama wawili walikunywa chai pamoja kabla hajapanda mlima. Hawakuwa na lugha ya kutosha kwa mazungumzo, kwa hiyo walinisema mimi, kwa vidole na macho, na walielewana vizuri mno. Mpaka leo nikiwakumbuka pale kwenye mkeka moyo wangu unajaa. Mmoja aliteremka mlima mzima kwa ajili ya lugha asiyoijua. Mwingine alinirudishia masomo kesho yake asubuhi, kama vile hakukuwa na neno.

Na alijua anachofanya. Wasichana waliochukuliwa walilala bwenini hospitali, ilikuwa sheria. Kila neno alilonipa lilinisogeza mbali na uani kwake, na aliendelea kunipa.

Siku ya kuhojiwa ilifika. Tulikaa kwenye benchi la veranda, sare zetu za shule zimepigwa pasi mpaka zinakata, na mlango wa matroni ulikuwa wazi kwa sababu ya joto, hivyo kila mmoja alisikia mwenzake akiangamia. Matroni alikuwa na swali moja kubwa. Alikaa kwenye kitanda kitupu cha wagonjwa, akasema: mimi ni msichana mdogo, naumwa, na ninakuogopa wewe. Utaniambia nini?

Wa kwanza alimwambia habari za asubuhi, jina lako nani, unatoka wapi. Wa pili, aliyekuwa na Kiingereza kizuri kuliko sisi sote, alieleza kwa ufasaha faida za usafi. Wa tatu alilia yeye mwenyewe.

Nikaitwa. Nilikuwa nimetayarisha sentensi ya heshima sana, na nilipouona uso wa yule mama sentensi ikaondoka na mkulima wake. Nilibaki na kitanda, na mtu aliyekaa juu yake akijifanya mdogo. Nikafanya kama mama mwenye nyumba angefanya. Nilichuchumaa mpaka macho yetu yakalingana, nikamwambia, *Show me where it hurts. I won't be cross.* Nionyeshe panapouma, sitakukasirikia. Nikamuuliza kama ni *tummy*, na nikamwambia kwamba ni msichana mzuri na jasiri, na kwamba nitakaa hapa hapa.

Matroni alinitazama. Nilijua nimekwisha, nikaanza kuwaza jinsi nitakavyopanda mlima. Kisha, polepole, akaweka kidole tumboni kwake, kama mtoto.

"Hayo hukuyatoa kitabuni," alisema kwa Kiingereza chake cha haraka.

Nikamjibu kwamba nimeyatoa Majengo. Akauliza kama ninaweza kuja Jumatatu na nguo zangu.

Nilirudi nusu nikikimbia. Kaka alikuwa kazini, nilimkuta mama mwenye nyumba barazani kwenye cherehani, na kabla sijafika alijua, maana alisimamisha gurudumu kwa kiganja. Nilipiga magoti nikamshukuru, kwa Kiswahili, kwa Kichaga, kwa kila nilichokuwa nacho. Alinipangusa vumbi kwenye sare, akaniuliza nimeulizwa nini na nimejibu nini. Nikamweleza yote, mpaka maneno yale, na nikayasema kama nilivyoyasema hospitali.

"Hayo mama wa yule mtoto ndiye aliyekuwa akimwambia akianguka," alisema. "Nikaiga. Nimeyasema mara nyingi mno." Akaunyoosha uzi, akaupitisha kwenye tundu la sindano. "Kuambiwa, mimi sijawahi. Kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili."

Aliyasema bila uchungu, kama mtu anayesema sukari imekwisha. Akakanyaga cherehani.

Nilichuchumaa mbele yake mpaka macho yetu yakalingana, nikamwambia maneno yale yale.

"Acha upuuzi wako," alisema.

Nikarudia. Cherehani ikasimama. Alitazama barabarani, akatazama kama kuna jirani, kisha akaushika mkono wangu. Aliuweka kwanza gotini, penye maumivu yake ya kukanyaga cherehani. Akaupeleka kiunoni. Halafu akauleta kifuani, akauacha pale chini ya wake.

"Na hapa," alisema. "Hapa patauma Jumatatu."